Gunia la Mawe kwa Profesa

Koro, 4 Machi 1996

Ewe Profesa Eparama, mwenye kichwa kikubwa kuliko nyumba yenu,

Shangazi Litiana, yule mama yako mwenye bahati mbaya ya kukuzaa wewe badala yangu, ameniambia niwe nakuandikia kwa niaba yake. Macho yake hayataki tena kazi ndogondogo. Anasuka mikeka kutwa, majani ya mkadi yanamchana vidole, na jua likishuka haoni hata mlango. Nimekubali kwa sababu mimi ni kijana mwema, jambo ambalo kisiwa chetu kizima cha Koro kinalijua isipokuwa wewe, mchungaji na baba yangu.

Hili gunia ni la magimbi ya shamba la juu. Nimeyachimba mimi, nimeyateremsha mimi kwa mabega haya haya, na karani wa meli aliponiona gatini akasema hajawahi kuona mgongo kama huu visiwa vyote. Haya, hakusema. Lakini aliutazama. Juu ya magimbi mama yako ameweka makopo mawili ya samaki. Yalikuwa matatu. Wewe ni tavale wangu, mtoto wa shangazi yangu, na sheria ya utani wetu unaijua: chako nachukua bila kuomba, na ukinuna umeshindwa.

Kwa hiyo huu ndio mwaka wako wa mwisho wa kujifunza kufundisha hesabu watoto ambao hawajakukosea lolote. Mama yako kila akianza mkeka anasema huu ndio wa mwisho, halafu anaumaliza, unauzwa, anakata majani mengine. Mimi nilitoka shule kidato cha nne na sikumchosha mtu.

Hebu niambie, huko Raiwaqa kwa baba yako mdogo wanakulisha, au unatafuna madaftari? Jibu kama mwanamume. Ukianza kulialia nitakusoma kwa sauti mbele ya vijana wote.

Mtani wako, anayekushinda kila kitu isipokuwa masikio,
Vilikesa


Suva, 19 Machi 1996

Kwa Vilikesa, Mkuu wa Chuo cha Majembe,

Barua yako nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu mpaka wino ukaisha, nikaazima kalamu ya jirani, nayo ikaisha.

Magimbi nimeyapata. Madogo. Nilidhani ni mayai ya njiwa. Sikia, sisi wasomi hapa tuna bwalo la chakula, wewe hujawahi hata kuliota. Kuku wenye mchuzi mzito. Jumatano nyama ya kondoo. Kuna mashine unaikandamiza inatoa aiskrimu, unaikandamiza tena inatoa tena, hakuna anayekuuliza wewe ni mtoto wa nani. Nimenenepa, suruali hazifungi. Siku hizi nikiliona gimbi machozi yananitoka kwa kulichoka.

Msomee mama hayo yote, hasa ya kondoo. Kwa baba mdogo ni wazima. Ila barua zako zipeleke kwenye sanduku la chuo, zinafika upesi.

Hilo kopo la tatu natumaini lilikukwama kooni.

Mkubwa wako kwa akili na kwa sura,
Eparama


Koro, 22 Aprili 1996

Kwa Bwana Suruali-Hazifungi,

Nimemsomea Shangazi. Alicheka mpaka akaweka mkeka chini, na wewe unajua mama yako haweki mkeka chini hata kwa mazishi. Pale pa kondoo alinitaka nirudie. Kisha akaniuliza polepole, kana kwamba mimi ndiye niliyekula, "Mafuta yake ni mengi?" Nikamwambia yanachuruzika mpaka kiwikoni. Tangu siku hiyo anawasimulia wanawake wenzake bombani kuhusu hayo mafuta.

Sasa kwa kuwa magimbi yetu yanakuliza, mimi nina huruma. Nimekuandalia chakula cha hadhi yako. Juu nimeweka magimbi kidogo ili karani asishtuke, lakini wewe chimba, fika chini. Nilikiokota mwenyewe kijitoni, kimoja kimoja, nikakiosha. Hakiozi, hakina mifupa, panya hawakigusi. Kichemshe mpaka kilainike, ukimaliza uniandikie kama kinamzidi kondoo.

Magimbi yaliyobaki tuliyala mimi na vijana, na samaki wako wote, tukasaga mizizi ya yaqona, tukanywa mpaka midomo ikafa ganzi, nikatoa hotuba ndefu ya kukusifu unene. Shangazi hajui. Anadhani gunia limejaa kama kawaida. Usinichongee, maana ana mkono mzito.

Anayekulisha,
Vilikesa


Suva, 15 Mei 1996

Mpendwa Vilikesa,

Nakusalimu kwa heshima. Gunia limefika salama. Nakushukuru kwa kazi yote unayoifanya kwa ajili yangu, wewe pamoja na mama. Naomba uniwie radhi kwa maneno ya barua iliyopita. Magimbi yako si madogo.

Mitihani ya nusu mwaka inakaribia. Msijisumbue kutuma kitu kwa sasa. Tafadhali usimsomee mama barua hii. Mtungie nyingine yenye mzaha, wewe unaweza zaidi yangu.

Wako mtiifu,
Eparama


Koro, 3 Juni 1996

Jamani, "wako mtiifu"!

Nimeshinda. Tangu tunatambaa tunatukanana, leo ndiyo mara ya kwanza umesalimu amri. Barua yako nimeizungusha kwenye bakuli la yaqona, kila kijana akaisoma, na hata wale wasiojua kusoma waliishika. Mwenye mashua akasema umelogwa na vitabu. Mimi nikasema hapana, ni mawe, yamemshuka vizuri.

Kwa kuwa umesema tusijisumbue, sijajisumbua. Meli imepita bila gunia, na mgongo wangu umepumzika kwa mara ya kwanza toka mwaka uanze. Ni mgongo mzuri, Epa, ila jioni siku hizi unaniongelesha. Mvua imeharibu njia ya shamba la juu, tunashuka kwa makalio.

Mama yako nimemtungia barua kama ulivyoomba. Humo umekula kaa, watatu, na wa nne umemwachia paka. Alifurahi kidogo tu, halafu akasema, "Mwambie asile ovyo usiku." Akarudi kwenye mkeka. Nadhani anachoka vibaya mwaka huu.

Lakini mbona hukunitukana hata kidogo? Barua yako nimeigeuza nyuma kutafuta. Tukana basi, usiwe mgonjwa wa adabu.

Mshindi,
Vilikesa


Suva, 14 Juni 1996

Kwa Bwana Vilikesa,

Hunijui. Naitwa Tebwatei, natoka Kiribati, nasoma darasa moja na Eparama na ninalala naye chumba kimoja. Barua yako ya ushindi nimeifungua mimi kwa sababu mwenyewe yuko hospitali. Alianguka darasani siku ya Jumanne, akaangusha meza. Daktari alimuuliza amekula nini. Akacheka, akasema ana binamu anayemlisha mawe. Nilidhani ni homa inayosema, mpaka nilipokumbuka kile kilichoko chini ya kitanda chake.

Nitakueleza mambo ambayo naona huyajui, au unayajua na moyo wako ni wa namna nyingine.

Eparama hakai Raiwaqa tangu Februari. Baba yake mdogo aliachishwa kazi kiwandani, watoto pale wanalala na chai tupu, na kila Eparama alipokaa kula walimpa sahani yao. Akaaga, akasema amepata nafasi bwenini. Hakupata. Tunalala stoo ya ukumbi wa kanisa, kati ya viti. Serikali inamlipia masomo, haimlipii tumbo. Lile bwalo ni kweli lipo. Tunapita nje yake kwenda maktaba, na yeye husimama pale kidogo akanusa, akaniambia leo kondoo.

Magunia yako ndiyo yaliyotulisha. Si yeye tu: mimi, na wengine wa visiwa vya mbali ambao kwao hakuna meli ya kuleta kitu. Lakini kila meli ya Koro ikifika, jamaa zenu wa Suva wanakuwa wametangulia bandarini. Huyu anaomba kidogo kwa ajili ya mgonjwa, yule kwa ajili ya mtoto, na yeye hajui kumnyima ndugu. Gunia lile la Aprili alilifungua pale pale gatini. Akagawa akicheka, mpaka mkono wake ukagusa jiwe. Magimbi yote yaliyokuwemo alikuwa ameshawapa watu.

Alilifunga tena haraka wasione, akalibeba begani kutoka bandarini mpaka hapa, kama limejaa chakula. Nilimtaka ayatupe baharini. Akakataa. Ameyapanga chini ya kitanda, akaniambia ni ya nyumbani.

Kwetu, mtu akimtumia mwenzake mawe, haitwi tena ndugu. Kwenu sijui mnaitana nini.

Mtihani mmoja umempita akiwa kitandani. Anasema akitoka hospitali anaacha chuo, anarudi Koro kumsaidia mama yake mikeka. Amenikataza nisikuandikie.

Tebwatei


Koro, 25 Juni 1996

Tebwatei,

Barua yako nimeisoma nimekaa kwenye mashua iliyopinduliwa, peke yangu. Usimwambie nililia, kwa sababu sikulia. Nilikuwa namenya vitunguu. Huku hatuna vitunguu, lakini hiyo si kazi yako.

Wewe hukulelewa kwetu, ndiyo maana nakueleza, na siyo kujitetea. Mimi na yeye ni tavale. Mama yake ni dada wa baba yangu, na watu kama sisi huku tunaibiana, tunadanganyana, tunatukanana mpaka kaburini, na hakuna anayeruhusiwa kuumia. Aliposema anakula kondoo, nilikuwa sina budi kumjibu kwa mawe. Nikimhurumia ningekuwa nimemtukana kweli. Kosa ni kwamba alipoacha kunitukana mimi nilishangilia. Akaandika "mpendwa", akaandika "mtiifu", na mimi nikaipitisha kwenye bakuli watu wacheke.

Nimemwambia Shangazi. Najua alikataza. Nilianza na maneno ya kuzunguka nikaishiwa, nikamsomea barua yako yote, hata pale pa kunusa. Alimaliza mstari aliokuwa anausuka, akauchunguza kwa vidole, akaniuliza, "Na wale kaa uliwatoa wapi?" Nikamwambia kichwani mwangu. Akanipiga kofi moja la shingo, halafu akanishika shingo hiyo hiyo aliyoipiga, akakaa hivyo kwa muda.

Jumatatu alikwenda kwenye mkutano wa kijiji na yeye si mtu wa mikutano. Akaomba. Ndugu akiomba kwetu hakataliwi, ulishaiona hiyo bandarini, sasa uone upande wake wa pili. Kila nyumba itatoa kikapu kila meli ikipita, ya Profesa na ya hao wenzenu wasio na meli. Kazi ya kukusanya na kubeba mpaka gatini amepewa kijana mmoja. Usiniulize nani. Mgongo wake unamuuma.

Kwa meli hii yanakuja magunia manne. Midomo nimeishona kwa waya wa uzio. Bandarini hayafunguki kwa mkono. Mtafungulia chumbani kwa koleo. Jamaa wakiomba, wapeni lile dogo lenye kitambaa chekundu, ni lao. Siwezi kuwanyima, mama zao wako hapa.

Mwambie asiache. Akirudi huku nitalazimika kumfundisha kulima, na hana mikono ya hiyo kazi, atanitia aibu shambani.

Vilikesa


Suva, 11 Agosti 1996

Kwa Vilikesa, mwizi wa samaki, mkata vitunguu,

Ndiyo, ameniambia. Watu wa Kiribati hawajui kutunza siri ya mtu, nimemkubali sana.

Waya wako ulitukata vidole sote. Ni kazi ya mjinga, mshono kama uso wako. Lakini magunia yamefika chumbani yakiwa mazima, na bandarini shemeji yetu mmoja alihangaika na moja akatukana ukoo wako mpaka babu wa babu. Nilimsaidia kutukana.

Sikuacha. Nilikuwa nimekunja nguo. Tebwatei akakalia sanduku langu, akasema hainuki mpaka nile, na yeye ni mzito kuliko sanduku. Nikala. Halafu nikalala siku nzima. Vila, nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata aibu sikuwa naisikia, na hiyo ndiyo ilinitisha.

Magimbi ni mengi, na jiko letu ni la mafuta ya taa, sufuria moja ndogo. Tukawa tunapika kwa zamu, wa mwisho anakula watu wameshalala. Ndipo nikayaona yale mawe yako. Nikaomba kwa mzee wa kanisa, tukachimba shimo nyuma ya ukumbi, nikayapanga, tukawasha kuni juu yake mpaka yakawa mekundu, tukafukia magimbi na majani. Lovo ya kweli, Suva, nyuma ya kanisa. Hakuna hata moja lililopasuka. Mwanafunzi wa Tuvalu alikuja kwa harufu tu, akasimama pembeni na daftari lake. Nikamwambia akae. Sasa kila Jumamosi wanakuja, wengine hata majina siwajui. Wa mjini wanaleta chumvi na nazi. Juzi mama mmoja mwenye duka alituachia mfuko wa mkate wa jana na hakusubiri shukrani.

Sasa sikia baya. Ule mtihani ulionipita haurudiwi mwaka huu. Nitamaliza mwakani. Mwaka mwingine mzima, Vila. Sijui nimwambieje mama. Mwambie wewe, wewe una shingo ngumu.

Mkubwa wako bado,
Eparama


Koro, 2 Septemba 1996

Kwa Profesa wa Mwakani,

Nimemwambia. Alikuwa amekaa mlangoni anatafuta mwanga. Akasema, "Mwakani siyo mbali." Akaniagiza nikakate majani ya mkadi, nikakata, nikayaleta, akaanza mkeka. Safari hii hakusema ni wa mwisho.

Mimi nami nimechoka, nakuambia wewe tu. Vikapu vya nyumba za juu ndivyo vinavyoniua, ile njia ya utelezi. Bibi Ulamila anatoa kikapu kizito kuliko wote kwa makusudi, halafu anasimama kunitazama nikishuka. Baba anasema toka nizaliwe hajaniona nikifanya kazi miezi miwili bila kutoroka. Anadhani nataka kuoa.

Kuhusu mawe, nafurahi umetambua hatimaye. Ulidhani nilikuokotea mawe ya hovyo? Ni mawe meusi ya kijitoni, yale ambayo baba anayatumia. Ya ufukweni yangekulipukia usoni, na uso wenyewe ni ule. Kwa hiyo lovo yote ni mpango wangu toka mwanzo. Waambie watu wa Tuvalu.

Sasa tuwekeane sheria, maana wewe ni mwongo na mimi ni mpumbavu, na tukiachiwa tutauana. Kula vizuri, nitukane. Nikiona matusi nitajua tumbo limejaa, nitalala. Lakini siku ukiniita "mpendwa", siku ukinisalimia kwa heshima, mimi sitauliza kitu. Sitasoma mpaka chini. Napanda meli.

Asiye mtiifu hata kidogo,
Vilikesa


Suva, 20 Aprili 1997

Mpendwa Vilikesa,

Nakusalimu kwa heshima. Natumaini wewe na mama mu wazima wa afya. Ukumbi wa kanisa unakarabatiwa, hivyo tumehama, na wenzetu wa Jumamosi wametawanyika. Nina imani mambo yatatengemaa baada ya mitihani. Msiwe na wasiwasi.

Wako mtiifu,
Eparama


Koro, gatini, 28 Aprili 1997

Epa,

Nimesoma "Mpendwa". Sikufika mbali zaidi, mengine kanisomea baba njiani nikiwa na gunia begani.

Meli ya mbata inatangulia leo, barua hii nampa baharia wake aiache ukumbini kwa mzee wa kanisa. Mimi nafuata kesho na ile ya abiria, na magunia, na kuku wawili wa Bibi Ulamila waliokubali kwa shida. Nimekaa juu ya mizigo. Miguu imevimba, sijalala, na Shangazi amenipa mkeka. Siyo wa kuuza. Anasema ukaulalie.

Shimo litachimbwa popote, mimi ndiye mchimbaji. Njoo bandarini na Tebwatei, uje na koleo, na uje na mtu mwenye mgongo mzima, wangu nimeshaumaliza kwa ajili yako. Na mawe yangu uyabebe popote ulipohamia. Nitayahesabu.

Usife kabla sijakutukana.

Vilikesa